Kikaratasi Chini ya Mpini

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vishimo kwenye mpini, upande wa kushoto.

Vilikuwa vidogo, kama ubao uliogugunwa na panya, vimejazana pale chini ambapo mpini hutokeza nje ya mkoba wake wa kiunoni. Upande wa kulia ubao ulikuwa mzima, michoro yake bado inakwaruza kidole. Niliigeuza ile bastola mara mbili tatu juu ya taulo kuukuu, nikaiweka, nikaichukua tena.

Bastola ya askari hueleza jinsi mwenyewe alivyokaa garini. Kwetu dereva hukaa kushoto. Askari anayeivaa kulia, mpini wake husuguliwa na kiti na chuma cha mkanda. Anayeivaa kushoto, kila akiingia na kila akitoka, mpini hugonga mlango. Katika mamia ya bastola zilizopita mikononi mwangu, zilizogongwa na mlango hazikufika tano. Na katika kaunti yetu ya Tolliver, tangu nipate akili, nilimjua askari mmoja tu aliyetumia mkono wa kushoto. Alikuwa baba yangu.

Ilikuwa Machi, mwaka 1991. Rufus Brashear, aliyekuwa sherifu wetu, mkuu wa askari wa kaunti, miaka ishirini, alikuwa amezikwa Januari. Wanawe walipokuwa wanahamisha vitu vyake walimwuzia baba mdogo Orbin katoni moja yenye bastola tisa, wakaibeba kama wanabeba viazi. Baba mdogo aliinua ile ya juu, akaguna, akaileta katoni bandani nyuma ya nyumba yake, ambako ndiko nilikokuwa nafanya kazi.

Miaka ile polisi kila mahali walikuwa wanaziacha bastola za silinda, zile za risasi sita, na kuchukua zile bapa za kisasa. Wakazitoa kwa mafungu, kama ng'ombe waliozeeka. Na watu ambao hawakuwahi kuzijali, ghafla wakazitaka. Madaktari, wauza magari, askari wastaafu wenye vitambi, wote walijazana kwenye magulio ya silaha Jumamosi na Jumapili, kila mmoja na kioo chake cha kukuzia, wanatafuta alama za idara ya polisi zilizopigwa nyuma ya mpini.

Baba mdogo alinifundisha kuzitambua. Hesabu skrubu za ubavuni, ndipo utajua umri. Fungua silinda, soma namba iliyo ndani, kisha soma iliyo chini ya kitako, kisha toa kibao cha mpini usome iliyopigwa kwenye mbao. Zikilingana zote tatu, vitu hivi vilizaliwa pamoja. Zisipolingana, kuna mtu ameoa mke wa mwenzake. Halafu tazama kingo za herufi. Zikiwa laini kama sabuni iliyotumika, jua bastola imesuguliwa na kutiwa rangi upya.

"Bastola iliyotiwa rangi upya ni kama mjane aliyevaa shela," alikuwa akisema. "Si kosa. Lakini uliza maswali."

Yeye mwenyewe hakuweza kutumia bisibisi. Paa la mgodi lilimwangukia mwaka 1976, likamwachia vidole viwili mkono wa kulia, na wa kushoto ukawa unatetemeka hadi chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Ndiyo maana alinihitaji. Mimi niliacha shule darasa la nne, vuli ile aliyokufa baba, mama alipolala kitandani miezi saba na hakuna wa kukoka jiko. Mwalimu wa kuwasaka watoro alikuja mara mbili. Mara ya tatu hakuja. Baadaye niliona haya kurudi kukaa na watoto wadogo, na baada ya hapo niliona haya kwa karibu kila kitu. Bandani hakukuwa na wa kuniuliza chochote. Baba mdogo aliniita Jicho.

"Jicho, wenzako wanaolewa, wewe unapangusa mitutu."

"Mitutu haisemi."

"Basi umepata mume mwema."

Kulikuwa na jambo moja jingine katika kazi ile. Katika baadhi ya ofisi za zamani, karani alikuwa akiandika kikaratasi chenye jina la askari, siku aliyokabidhiwa silaha na siku aliyoirudisha. Kilikunjwa, kikawekwa chini ya kibao cha mpini, na skrubu ikafungwa juu yake. Bastola yenye jina la mtu ndani yake huuzika mara mbili ya ile isiyo na jina. Na kanuni ya magulio ni moja: kikaratasi hakitolewi na mtu mmoja. Ukikiona, kiache kilale hapohapo, ita shahidi. Kikishatoka bila shahidi ni takataka.

Kwa hiyo pale mezani kwetu baba mdogo alimpa mnunuzi bisibisi. "Fungua mwenyewe, kaka," alisema, huku akikohoa. "Macho yangu haya ya mgodini hayaoni tena." Mnunuzi angefungua, angekiona, uso wake ungewaka kama mtoto aliyeokota yai. Wengine walikuwa wakibishana bei mpaka hapo ("Mzee, hii bei au namba ya simu?") wakaacha ghafla kubishana.

Sasa nilikuwa na bastola yenye vishimo upande wa kushoto. Nikasoma nyuma ya mpini: herufi za ofisi ya sherifu wa Tolliver, na namba 7. Kingo zake zilikuwa kali, hakuna aliyewahi kuzisugua. Nikachukua bisibisi. Sikumwita mtu. Sikukumbuka kama duniani kuna watu.

Kibao cha kushoto kilipotoka, kikaratasi kilikuwa pale, kimekunjwa mara mbili, kimeshika umbo la chuma. Nikakitoa. Mimi husoma polepole, kwa mdomo. Kiliandikwa kwa penseli ya zambarau: *Na. 7. A. Stidham. Kapewa Machi 2, 1974. Karudisha Okt. 4, 1979. O.G.*

A. Stidham ni Arlis Stidham, baba yangu. O.G. ni Bi Odessa Gayheart, karani wa sherifu, ambaye naye alishakufa. Na baba aliuawa tarehe 5 Oktoba mwaka huo, saa nne asubuhi, alipokwenda kuamua ugomvi wa mume na mke kule Lick Branch. Mume alimpiga kwa bunduki ya kuwindia kabla hajapanda ngazi ya baraza.

Sherifu Brashear aliapa mbele ya baraza la kaunti kwamba Arlis hakuwa kazini siku ile. Alisema alikuwa amelewa siku tatu, bastola ya serikali ameipoteza ulevini, na kule alikwenda kwa mambo yake na mke wa yule mtu. Baba hakunywa. Wiki ile alikuwa amesimamisha lori la pombe ya magendo, kaunti yetu ikiwa haina ruhusa ya kuuza pombe, na lori likawa la binamu ya sherifu. Watu walilijua hilo. Lakini bastola ilikuwa haipo, na sherifu alikuwa ameapa.

Mbele ya mahakama ya kaunti kuna jiwe lenye majina ya askari waliokufa kazini. Kila tarehe 15 Mei majina husomwa, na mjane wa kila jina husimama. Mama alikwenda kila mwaka. Alikaa safu ya nyuma na mkoba wake mapajani, na hakusimama. Mwaka huu walikuwa wanachonga jiwe jipya, orodha imefunguliwa kwa mara ya kwanza tangu baba afe. Ingefungwa Ijumaa. Ilikuwa Jumanne.

Basi ile bastola haikupotea. Aliirudisha, au alinyang'anywa, siku moja kabla. Na kesho yake wakamtuma kule mikono mitupu, na sherifu akaiweka kwenye droo ya nyumbani kwake zaidi ya miaka kumi na mmoja.

Baba mdogo aliingia na kahawa yake, nusu kikombe, nusu kwenye suruali. Nikamwonyesha. Alisoma, akakaa juu ya ndoo.

"Arlis," alisema. Halafu akanitazama mkononi. "Umekitoa?"

"Ndiyo."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi."

"Jicho. Jicho, mwanangu. Nimekwambia mara ngapi?"

Nikakilaza kikaratasi juu ya taulo.

Jioni ile alikuja kwetu. Mama alikuwa anapakua maharage na mkate wa mahindi.

"Shemeji, futa miguu."

"Nimefuta."

"Umefutia wapi, kwa mbwa?"

Kwa kawaida angemrudishia neno. Safari hii aliweka bastola mezani, kwenye taulo, na kikaratasi juu yake. Mama alifuta mikono kwa aproni. Alisoma, akasoma tena, halafu akakaa na kukiwekea kiganja juu, bila kukigusa, kama mtu anayepima joto la jiko.

"Nilijua," alisema. "Nilijua, nilijua, nilijua."

Maharage yalipoa. Baba mdogo akasema, "Tatizo ni kwamba kimetoka. Kamati ya jiwe itamwita Whitlow aitazame bastola, hakuna mwingine anayezijua. Na Whitlow atauliza nani aliona kikitoka."

Bwana Whitlow alikuwa daktari wa meno mstaafu pale mjini, mwenye bastola za polisi zaidi ya mia mbili kwenye makabati ya vioo.

"Si Verlie aliona?" mama akasema.

"Verlie ni binti wa marehemu. Anayefaidika haaminiki. Kirudishwe. Tufunge skrubu, tukaifungue mbele yao. Daktari mwenyewe aifungue."

"Hiyo ni kuigiza."

"Ni kuigiza ukweli. Kilikuwa ndani, kitakuwa ndani. Tumebadili nini?"

"Ukweli hauigizwi, Orbin. Ukiuigiza unakuwa kitu kingine."

"Unataka jina kwenye jiwe, au unataka usafi?"

Mama alinitazama mimi, nami nikatazama chumvi. Mwishowe aliinuka, akachukua kikaratasi kwa ncha za vidole, akanipa. "Kirudishe kilivyokuwa," alisema. "Vilevile kilivyolala."

Nilikirudisha. Mikunjo yake yenyewe ilijua mahali pake. Kazi hiyo nilikuwa naiweza.

Ijumaa tulikwenda mahakamani sote watatu. Walitungoja watu wawili: mkuu wa kamati, hakimu wa kaunti Bwana Napier, ambaye alisoma shule moja na baba, na Bwana Whitlow, mwenye suti ya kijivu na mkoba wa ngozi. Hakimu alitupokea vizuri. Alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili.

"Maudie," alimwambia, "kinachomzuia Arlis ni kiapo cha Rufus peke yake. Kiapo kikianguka kwa neno moja, kimeanguka chote. Nami leo hii nitaliandika jina."

Baba mdogo akaeleza: katoni, wana wa sherifu, bastola namba 7. Akaiweka mezani. Halafu akatoa bisibisi mfukoni, akamnyooshea Bwana Whitlow. Ikawa inatetemeka hewani.

"Fungua mwenyewe, daktari," alisema, akakohoa. "Macho yangu haya ya mgodini hayaoni tena."

Sidhani alikusudia. Maneno yalitoka tu, kama nyayo zinazojua njia ya nyumbani.

Bwana Whitlow hakuipokea. "Orbin," alisema taratibu, "unakumbuka mara ya mwisho uliponiambia hivyo?"

"Sikumbuki."

"Gulio la Knoxville, Novemba. Na kabla ya hapo Lexington. Maneno hayohayo. Hata kikohozi kilikuwa hapohapo."

Akafungua mkoba, akatoa vikaratasi viwili ndani ya nailoni, akavipanga mezani. "Kimoja ni cha polisi wa mji mmoja Ohio, mwaka 1948. Kingine ni cha walinzi wa jela Tennessee, mwaka 1961. Vyote nilivitoa mwenyewe kwa bisibisi yako, nikifurahi kama mjinga. Hakimu, tazama tarakimu hizi za nne. Tazama mikia ya herufi hizi za g. Zimeviringwa kama za mtoto wa shule. Ni mtu mmoja, kalamu moja, na kama pua yangu haijafa, ni chai ileile iliyovizeesha."

Hakimu aliinama, akanusa, akajisahau akacheka. Kisha akamwona mama, akaacha.

"Hivyo ni vya biashara," baba mdogo akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Sivikani. Niadhibu kwa hivyo. Hiki si biashara. Huyu ni ndugu yangu."

"Na hilo ndilo linaloniumiza," Bwana Whitlow akasema.

Lakini alifanya kazi yake kwa haki, siwezi kumsema kwa hilo. Alitoa bisibisi yake mwenyewe. Alihesabu skrubu, akafungua silinda, akasoma namba, akageuza kitako, akatoa kibao cha kulia, akasoma tena. "Bastola ni ya ofisi hii," alisema. "Namba saba, haijaguswa. Na aliyeibeba alitumia mkono wa kushoto." Halafu akatoa kibao cha kushoto, akakinyanyua kikaratasi kwa koleo ndogo, akakiweka kando ya vile viwili. Akavitazama kwa kioo muda mrefu. Mama alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Mwandiko huu si ule," akasema.

"Mmeona!" mama akasema.

"Mama Stidham, subiri. Orbin hawezi hata kutia sahihi, tunamjua. Kwa hiyo ana mwandishi. Mwenye mwandishi mmoja anaweza kuwa na wawili. Maandishi ya Bi Odessa ningeyalinganisha, lakini hakimu ananiambia hayapo."

"Mafuriko ya mwaka 84," hakimu akasema. "Maji yalijaa ghala la chini mpaka darini. Hakuna hata ukurasa wake."

Bwana Whitlow aliweka kioo chini. Alionekana amechoka. "Nitasema hivi, na hakimu anisikie. Mleteni mwandishi wa Orbin. Aketi hapa, aandike mistari hii mitatu mbele yangu. Mkono wake ukiwa ule wa vile viwili na usiwe huu, nitasaini kwamba hiki hakikutoka mezani kwa Orbin. Nitasaini leo. Sitamshtaki mtu, sitadai hata senti. Namtaka aandike tu."

"Hiyo inanitosha," hakimu akasema. "Orbin. Ni nani?"

Baba mdogo alikuwa anatazama mikono yake, ule wa vidole viwili umeushika ule mwingine ili usitetemeke. Hakugeuka upande wangu. Hakugeuka hata kidogo.

"Mtu mmoja wa Knoxville," alisema. "Alikufa."

"Alikufa lini?"

"Alikufa."

"Watu wako hufa kwa wakati unaokufaa," hakimu akasema.

Hapo mama aliinuka. Sijawahi kumwona akisimama vile, mkoba ukaanguka chini na hakuuokota. "Mlaanini shemeji yangu mtakavyo," alisema, "mimi mwenyewe nitawasaidia. Lakini kikaratasi hiki alikitoa binti yangu kwa mkono wake. Huyu hapa. Muulizeni. Huyu hajui uongo. Hata kuandika hajui, masikini, aliachia darasa la nne. Atadanganya na nini?"

Wote wakanigeukia.

"Binti," hakimu akasema kwa upole, "wewe ndiye uliyekiona kwanza?"

"Ndiyo."

"Kilikuwa ndani ya mpini?"

"Ndiyo."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna."

"Kisha?"

"Nilikirudisha."

Bwana Whitlow alifumba macho.

"Ulikirudisha ili kitolewe tena mbele yetu," hakimu akasema.

"Ndiyo."

"Lipo jingine la kusema, binti? Lolote?"

Kwenye meza yake kulikuwa na kalamu na rundo la karatasi zenye nembo ya kaunti, karibu na mkono wangu kuliko wake. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Mama alinitikisia kichwa kidogo, kunipa moyo. Masikio yalinichoma, kama darasani mwalimu aliponitaja jina.

"Hapana," nikasema.

Orodha ilifungwa saa kumi na moja jioni. Tulirudi garini, mama mbele, mimi nyuma, baba mdogo alitembea kwa miguu maili nne kwa sababu mama alifunga mlango kabla hajafika.

Tarehe 15 Mei tulikwenda. Walifunua jiwe jipya, jeusi, linang'aa mpaka unaona uso wako. Yalisomwa majina kumi na moja. Jina la mwisho lilipokwisha kusomwa mama aliendelea kukaa na mkoba mapajani, akasubiri kidogo, kama mtu anayedhani msomaji amepumzika tu.

Hakumsamehe shemeji yake. Alimwambia mara moja tu, mlangoni, mvua ikimnyeshea: "Kama usingekuwa mwongo kwa ajili ya vijisenti, mume wangu angeaminiwa. Wewe na Rufus mmemzika mara mbili." Baba mdogo alivua kofia, akasema, "Kweli, shemeji," akageuka. Nilimfuata hadi barabarani. Nilitaka kusema neno, akanizuia kwa ule mkono wa vidole viwili.

"Nyamaza, Jicho. Mimi nimeshachafuka. Tusipoteze watu wawili."

Bastola namba 7 ilirudi bandani. Alikataa kuiuza. Walikuja watu kutoka mbali, maana habari huenea, na hadithi ya bastola huongeza bei hata ikiwa hadithi mbaya. Aliwafukuza. Majira ya baridi ya pili mapafu ya mgodini yalimmaliza. Mazishini tulikuwa watu sita. Mama alibaki nyumbani akifua mapazia.

Sasa naandika hapa, polepole, na najua tahajia yangu ina makosa.

Mama, hakuna mtu wa Knoxville. Baba mdogo alinitajia majina, mimi nikaandika. Vilikuwa vikaratasi kumi na vinne. Karatasi nilizitoa nyuma ya daftari langu la darasa la nne, chai ilikuwa yako, ile ya kopo jekundu, na nilivikausha kwenye jiko lako ulipokuwa kanisani. Nilipenda ile kazi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisifu mwandiko. Nina mkono mmoja tu, sijui kuandika kwa namna nyingine, na mtu yeyote angeona hivyo kwa mistari mitatu. Nilijua hivyo pale pale, kabla Bwana Whitlow hajamaliza kusema. Nilichagua uendelee kufikiri sijui kuandika.

Bwana Whitlow, mwandishi hakufa. Ni mimi.